Nati Moja, Siku Nne

Salamu zilikuwa hazijafika hata kwenye habari za wajukuu, fundi akawa ameshaweka kiganja chake juu ya injini. Hakutazama tanki, hakuuliza bei, hakugusa kiki. Aliuacha mkono pale kama mtu anayepima homa ya mtoto, huku mdomo ukiendelea kumjibu mzee kwa adabu zote: mvua zipo, kahawa imezaa, nyumbani hawajambo. Kisha akauondoa mkono, akanitazama, akaitikia kwa kichwa, kidogo sana. Injini ilikuwa baridi.

Maana ya ishara ile nilikuja kuielewa njiani tukirudi. Injini iliyochoka, ikishapata moto, huwaka kwa kiki moja na kunguruma kama mpya. Kwa hiyo muuzaji mwenye la kuficha huiwasha mapema, akaizima dakika chache kabla mnunuzi hajapiga hodi. Mimi nilishanunua pikipiki ya namna hiyo miaka ya nyuma. Ilikuwa na rangi mpya, siti mpya na injini ya uvuguvugu, nami nikaona huo uvuguvugu ni dalili ya uhai. Ilinifikisha nyumbani. Siku ya tatu ilikataa mlima, na kuanzia hapo nikawa naisukuma kuliko inavyonibeba.

Safari hii nilikwenda na fundi. Tulikuwa uani kwa bwana shamba mstaafu, Nkwenda, wilaya ya Kyerwa, nyuma ya migomba, kwenye kibanda kinachowekwa magunia ya kahawa. Pikipiki ilikuwa Honda CG125, nyekundu iliyopauka ikakaribia rangi ya udongo wa barabara zetu. Mzee alikuwa hajaipeleka barabarani kwa miaka, ila kila baada ya miezi michache aliiwasha, akaisikiliza, akaizima na kuifunika turubai lake. Tanki lilikuwa na bonde upande wa kushoto, la ukubwa wa kiganja. Hakulieleza, nasi hatukuuliza.

Fundi alizunguka ile pikipiki kwa muda ambao mimi ningekunywa vikombe viwili vya chai. Alisoma namba iliyopigwa kwenye shingo ya fremu, akafuta vumbi pembeni ya injini kwa kidole kilicholowa mate, akasoma na ile ya pili, ndipo akaomba kadi. Alilinganisha tarakimu moja moja, akitamka kwa sauti ya chini. Ameshawahi kuacha pikipiki nzuri kabisa, akaniambia baadaye, kwa sababu tarakimu moja ilionekana imepitiwa na tupa. Alishika gurudumu la nyuma akalisukuma kushoto na kulia, macho yakiwa kwenye bushi za mkono wa nyuma. Alichomoa kipimo cha oili, akasugua tone kati ya kidole gumba na cha shahada, kutafuta kama kuna chenga za chuma. Mwisho kabisa ndipo alipoomba ruhusa ya kupiga kiki.

Ya tatu iliitika. Moshi ukatoka mweusi, mwepesi. Nikasononeka, kwa kuwa kwangu moshi ni moshi. Kwake moshi una rangi tatu na kila moja ina habari yake. Wa bluu ni injini inayokula oili, nao ni wa kuogopa. Mweupe unaotoweka asubuhi ya baridi ni mvuke tu. Mweusi ni petroli iliyozidi hewa, na hiyo ni kazi ya kabureta, jambo la saa moja. "Mwalimu," akaniambia, "mlipe mzee." Nikalipa bila kupunguza hata elfu kumi, na sijajuta.

Inafaa niseme kidogo kwa nini alifurahi kuona CG. Honda walipoitoa mwaka 1976 walikuwa na pikipiki nyingine za 125 zilizokuwa za kisasa zaidi, zenye kemshafti juu ya hedi na cheni ya taimingi ya kuizungusha. Lakini wahandisi wao walikuwa wamekwenda kutazama jinsi pikipiki zinavyoishi katika nchi zisizo na lami wala ratiba ya sevisi. Wakaona oili haibadilishwi, mzigo hauna kikomo, vumbi linaingia kila mahali. Wakarudi nyuma kwa makusudi. Kemshafti ikashushwa chini, ikazungushwa kwa gia, na valvu zikasukumwa na vijiti viwili virefu vinavyopanda pembeni ya silinda. Hakuna cheni ya taimingi ya kulegea wala ya kukatika. Silinda ina upana wa milimita 56.5, pistoni inatembea milimita 49.5, basi. Injini ile ndiyo Wachina waliyoiiga, na nakala zake ndizo zilizojaa kwenye vijiwe vya bodaboda kuanzia Kayanga mpaka Murongo, zikiwa na majina mengine ubavuni. Ndiyo maana mtu anaweza kununua Honda ya zamani Kyerwa leo na asilale njaa ya spea: ringi za mjukuu zinaingia kwenye silinda ya babu. Si zote, na fundi anazijua zisizoingia.

Gereji yake iko Omurushaka, Karagwe, pale barabara ya Murongo inapoiacha ile ya Bukoba. Kuiita gereji ni heshima. Ni paa la bati juu ya nguzo nne za mkaratusi, benchi la mbao lililonyonya oili mpaka likawa jeusi na laini kama ngozi, na kwenye nguzo spana zimetundikwa kwa ukubwa wake. Kando ya benchi kuna kopo la kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa ambazo huku mgeni hupewa kabla hajaeleza shida yake. Fundi hutia moja mdomoni akianza kufikiri. Nimejifunza kutomsemesha mpaka ametema ganda.

Tatizo la kwanza lilikuwa dogo kwa kulitazama. Bomba la moshi linashikwa kwenye hedi kwa nati mbili. Moja ilifunguka. Ya pili ilikuwa imeshikwa na kutu na moto wa miaka mingi, mpaka kona zake zikaanza kuwa mviringo. Kijana wake akaja na bomba refu la kuongezea urefu wa spana. Fundi akamnyang'anya bila kusema neno. Alinieleza baadaye kwamba nati ile imekaa kwenye kipande cha chuma kilichopandwa ndani ya hedi, na hedi ni ya aluminiamu. Ukilazimisha, chuma kinakatika usawa wa hedi, na hapo unatafuta mtu wa kukitoboa bila kuharibu njia yake. Spana ndefu ingetupatia ushindi wa dakika moja na hasara ya mwezi.

Kwa hiyo siku ya kwanza alisugua kutu kwa brashi ya waya, akadondosha dizeli matone matatu, akaigonga nati kwa nyundo ndogo, taratibu, kila ubavu, kama anayeipigia hodi. Akaiacha. Siku ya pili akafanya vilevile. Siku ya tatu aliipasha moto, lakini hakuifungua ikiwa ya moto kama nilivyotarajia. Aliiacha ipoe, akadondosha dizeli tena ili mafuta yanywewe na ule mwanya ambao joto limeufungua. Nilikuwa napita kila jioni nikitoka shule. Nilikuta pikipiki nyingine zimetengenezwa, zimeondoka, na yangu iko pale ikidondoshewa dizeli kama mgonjwa wa dripu.

Jioni ya tatu nilimuuliza amejifunzia wapi subira hii. Akacheka, akasema chuma cha Karagwe hakijaanza jana. Alikuwa anatania, ila yumo kwenye kweli. Bweranyange, kwenye makao ya wafalme wa Karagwe, Omukama Rumanyika ndiye aliyewapokea wasafiri John Hanning Speke na James Grant mwaka 1861, na miongoni mwa hazina za ufalme ule kulikuwa na nyundo za chuma na ng'ombe wadogo wa chuma, vitu vya enzi vilivyotengenezwa na wahunzi wa huku. Upande wa ziwa, kwa Wahaya, watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliandika mwaka 1978 katika jarida la Science kuhusu tanuri za kuyeyushia chuma zilizotumika miaka kama elfu mbili iliyopita. Sisemi kwamba fundi wangu amerithi mivukuto. Amejifunza kwenye gereji ya mtu, akilala chini ya magari. Lakini napenda kwamba katika nchi hii mtu anayebembeleza nati si kioja.

Siku ya nne aliweka spana ya pete, akatia buni mdomoni, akavuta. Nati ikalia kwii, ikazunguka nusu. Kijana akashangilia. Fundi akairudisha robo, akadondosha dizeli, akavuta tena. Mbele kidogo, nyuma kidogo, mpaka ikatoka nzima. Akaifuta na kuiweka kwenye mfuko wa shati.

Baada ya hapo kazi ilikwenda haraka, na sitaieleza yote. Ila nieleze ringi. Alipovua silinda alishika konrodi, akaivuta juu na kuisukuma chini. Upande kwa upande ilicheza kidogo, kama inavyotakiwa. Juu na chini haikucheza hata unywele. Basi akasema chini hatufungui. Nilikuwa nimejiandaa kwa ovaholi nzima, hata fedha nilikuwa nimetenga, na kumbe nilitamani kuiona imepasuliwa yote mezani. Yeye alinitazama kama ninayeomba upasuaji kwa sababu bima imelipiwa. Kilichokaa vizuri tangu kiwandani, alisema, mkono wa mtu hauwezi kukirudisha vilevile. Akachukua ringi mpya, akaitumbukiza ndani ya silinda, akaisukuma kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawasawa bila kuinama, kisha akapima mwanya wa ncha zake kwa filageji, kile kipimo cha vijani vyembamba vya chuma. Mwanya ukiwa mdogo, joto litazifanya ncha zigongane na ringi ivunjike; ukiwa mkubwa, nguvu inavujia chini. Ringi mbili za pakiti ya kwanza alizirudisha dukani Kayanga. Muuzaji alinuna. Kwa macho yangu zilikuwa ringi tu.

Kabureta nayo ilikuwa kama alivyosema. Vilima vya huku vingi vinapita mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na kabureta iliyopangwa kwa ajili ya pwani inamwaga petroli kuliko hewa iliyopo. Alitoa sindano yake, ndefu na nyembamba, yenye mikato kichwani na klipu ndogo iliyobana katika mmojawapo. Akaipandisha klipu mkato mmoja. Sindano ikashuka, njia ya petroli ikabanwa. Kazi yote hiyo ni ya kama nusu milimita, na moshi mweusi ukaisha.

Tuligombana mara moja tu, juu ya sura. Mimi nilitaka pikipiki ing'ae: bonde la tanki linyooshwe, fremu ipulizwe rangi, madigadi yapakwe kromu. Alikubali kusafisha, akakubali rangi pale kutu ilipokuwa imekula. Fremu nzima alikataa. Rangi mpya juu ya fremu ya zamani, alisema, ni kitambaa juu ya kidonda; ufa ukianza hutauona. Kuhusu bonde aliuliza kama petroli inavuja pale. Haivuji. Basi.

Alichokifanya kwa furaha ni keria, kwa sababu hapo ndipo watu wa Karagwe wanapoirekebisha pikipiki iwe yao. Kwingine hukata siti na kushusha usukani. Huku pikipiki isiyobeba mkungu wa ndizi au gunia la kahawa ni pambo. Alipima kwa kamba, akakunja nondo, akachomelea usiku, kwa kuwa mchana umeme ulikuwa unakatika. Kisha akanionyesha kitu ambacho sasa nakitafuta kwenye kila bodaboda inayopita: keria yake imesogezwa mbele, uzito usipite sana nyuma ya ekseli. Ukipita, gurudumu la mbele linakuwa jepesi mlimani na usukani unaanza kwenda unakotaka wenyewe.

Jioni ile niliiendesha mpaka Bugene na kurudi. Nilirudi nikiwa natabasamu ndani ya helmeti. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa kabla sijazima. "Tapeti," akasema. "Iache hapa." Sikusikia chochote. Nikamwambia airekebishe sasa hivi nikae nisubiri. Akasema nafasi ya valvu inapimwa injini ikiwa imelala usiku kucha, chuma kikishakunywea mahali pake.

Nilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu bado uko bondeni. Alikuwa ameshafungua kifuniko. Alizungusha magneti kwa mkono mpaka alama ikakaa mahali pake na valvu zote mbili zikalegea, akachomeka kijani chembamba cha filageji, cha milimita 0.08. Wengi hutumia wembe, alisema, lakini wembe ni mnene. Akakaza, akavuta kile kijani. Kikapita na kukwama kidogo, kama karatasi inayovutwa chini ya kitabu. Akanipa nivute na mimi. Akalegeza kabisa, akanipa nivute. Akakaza tena mahali pake, akanipa.

Kisha akatoa ile nati kwenye mfuko wa shati, akaitazama kona zake zilizokula chumvi, akaitupa kwenye kopo la chuma chakavu, na kunituma dukani nikanunue mpya.