Mahojiano ya Kuamsha Nia Mbele ya Jeraha la Nafsi

Kitabu cha William R. Miller na Stephen Rollnick, Motivational Interviewing, kilitoka mara ya kwanza mwaka 1991, na toleo la nne mwaka 2023. Njia wanayoifundisha, ambayo Miller aliieleza kwanza katika makala ya mwaka 1983 juu ya walevi, imekwisha kuingia hata katika tiba ya watu waliopatwa na kiwewe. Yatupasa kuuliza: je, yafaa huko?

Sifa yake ya kwanza ni heshima. Mshauri haamuru wala habishani. Huuliza maswali yasiyojibiwa kwa "ndiyo" au "hapana" tu, hutambua jema alilo nalo mtu, humrudishia kwa maneno mengine aliyoyasema, kisha hutoa muhtasari. Kabla ya kutoa shauri huomba ruhusa. Kwa mtu aliyenyang'anywa uwezo wa kuamua kwa kubakwa au kupigwa, kuombwa ruhusa si adabu tu. Ni mwanzo wa kurudishiwa utu wake. Hata Bwana wetu alimwuliza Bartimayo anataka afanyiwe nini, ingawa upofu wake ulionekana na wote.

Hata hivyo nina shaka moja kubwa. Njia hii hutega sikio hasa kwa maneno yanayoelekea badiliko, na kuyakuza. Mlevi anayesitasita huenda ana nia mbili. Bali mke anayesita kumwacha mume mkali huenda ana nia moja tu, yaani kubaki hai. Kusita kwake si ukaidi, ni kinga. Tukimsukuma, hata kwa upole, twaweza kumtia hatarini. Kweli, toleo la 2013 laweka kujenga uhusiano mbele ya kuchagua shabaha. Lakini uhusiano mwema siyo usalama. Judith Herman, katika Trauma and Recovery (1992), aliweka usalama kuwa hatua ya kwanza, kabla ya kukumbuka na kuomboleza. Utaratibu huo usipinduliwe.

Pamoja na hayo, wanafunzi wetu na wakisome kitabu hiki, kwa maana wengi wetu tulijifunza kuhubiri kabla ya kujifunza kusikiliza. Mimi mwenyewe niliwahi kumhimiza mama mmoja asamehe, kabla sijamwuliza kama usiku hulala salama. Hakurudi tena ofisini kwangu. Rafiki za Ayubu walifanya vema siku saba walizokaa kimya; walikosea walipoanza kueleza.