Mzembe au Mwenye Kizuizi? Usawiri wa Mwanafunzi Anayefeli katika Tumbo Lisiloshiba

Swali la sifa za wahusika ni la kawaida katika karatasi ya tatu ya Kiswahili (102/3), na watahiniwa wengi hulikimbilia kwa kuliona jepesi. Mhusika aliyefaulu masomoni huitwa mwenye bidii. Aliyefeli huitwa mzembe. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jibu hilo la pili aghalabu halina ushahidi katika matini, na kwamba kosa hilo la uhakiki lina madhara hata nje ya mtihani, hasa kwa mwanafunzi mwenye ulemavu wa kujifunza. Tutarejelea hadithi mbili za diwani ya Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, iliyotahiniwa katika KCSE kuanzia 2018 hadi 2022 na ambayo ingali katika maktaba nyingi za shule: "Mtihani wa Maisha" ya Eunice Kimaliro na "Mwalimu Mstaafu" ya Dumu Kayanda.

Tuanze na Samueli wa "Mtihani wa Maisha". Anapokea matokeo mabaya, anashindwa kuwakabili wazazi waliojinyima ili asome, na hatimaye anajaribu kujitoa uhai bwawani. Anaokolewa. Mtahiniwa anayeandika kuwa Samueli ni mzembe hutoa matokeo hayo kama ushahidi. Hapa pana kasoro ya mantiki. Alama za mtihani ni tokeo. Uzembe ni chanzo. Kuthibitisha chanzo kwa kutaja tokeo ni kuzunguka mbuyu. Mhakiki makini hana budi kuuliza: ni wapi tumemwona mhusika huyu akikwepa kazi? Asipopata mahali hapo, afadhali aandike sifa ambazo matendo yanazithibitisha, kwa mfano kuwa Samueli ni mwoga wa aibu au mwenye kukata tamaa.

Jairo wa "Mwalimu Mstaafu" anatudai zaidi. Mwalimu Mosi anapoagwa na wanafunzi wake wa zamani, waliofanikiwa ndio wanaotarajiwa kuzungumza. Mosi mwenyewe ndiye anayetaka Jairo apewe nafasi. Jairo hamwimbii sifa. Anamlaumu mwalimu wake mbele ya umati kwa kumpa matumaini masomoni ilhali hakuwa akiweza, na sasa hana chochote maishani.

Wengi husoma hotuba hii kama payo za mlevi asiye na shukrani. Ni kweli kwamba Jairo ni mlevi, na ukosefu wa shukrani unaweza kutetewa. Hata hivyo, mpangilio wa wakati uzingatiwe. Ulevi tunaouona ni wa mtu mzima. Kufeli kulikuwa kwa mtoto. Hatuwezi kuchukua chupa ya leo tukaeleza nayo daftari la miaka mingi iliyopita. Yamkini mambo yalikwenda kinyume, kufeli kukazaa kukata tamaa, kukata tamaa kukazaa ulevi.

Kinaya kikuu cha hadithi kimo papo hapo. Katika sherehe ya kumsifu mwalimu, tathmini nzito ya kazi yake inatoka kwa mwanafunzi aliyeshindwa. Mosi si mwalimu mbaya. Anamjali Jairo, na ndiyo sababu anadai asikizwe. Lakini upendo wake ulikuwa na pengo. Alimwambia mtoto asikate tamaa. Hatuonyeshwi kwamba kuna aliyechunguza ni nini kilichomzuia mtoto huyo kushika masomo. Kumtia moyo mwanafunzi bila kumbadilishia njia ya kujifunza ni kumwambia asiye na kata achote maji kwa imani.

Hapa ndipo suala la ulemavu wa kujifunza linapoingia. Mwandishi hatuambii kitaalamu kwa nini Jairo alifeli. Kwa hivyo, mtahiniwa atakayeandika kwamba Jairo ana disleksia atakuwa amekosea sawasawa na yule aliyeandika kuwa ni mzembe. Wote wawili wamejaza pengo ambalo hadithi imeliacha wazi. Kazi ya mhakiki ni kulionyesha pengo hilo na kueleza athari yake: jamii ya hadithi ina maneno mengi ya kumwelezea aliyefaulu, lakini haina msamiati wa kumwelezea anayejitahidi asiweze.

Nasi darasani tunao msamiati huo? Tunayo maneno zuzu, mbumbumbu na mvivu. Disleksia ni tatizo la kudumu la kusoma na kuandika linalotokana na jinsi ubongo unavyochakata sauti za lugha na maandishi. Halihusiani na upungufu wa akili, na huweza kurithiwa katika ukoo. Mwalimu wa Kiswahili ana sababu ya kuwa macho zaidi ya wenzake. Tahajia yetu inafuata matamshi kwa karibu, tofauti na ya Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba mwenye disleksia anaweza kuyasoma maneno ya Kiswahili kwa usahihi, ila polepole mno, silabi kwa silabi, hasa maneno marefu yenye viambishi vingi kama "hawakutusomeshea". Akimaliza sentensi, mwanzo wake umekwisha kumponyoka. Mwalimu anayehesabu makosa tu hatamtambua. Ishara nyingine ni kuruka mistari, kudondosha silabi anapoandika, na tofauti kubwa kati ya hadithi anayoisimulia kwa mdomo na insha anayoiandika.

Ulemavu huu hauponi kama homa, ila mwenyewe anaweza kujifunza kuukabili. Husaidika akipewa muda zaidi, akisomewa matini kwa sauti huku akifuatisha kwa kidole, akipewa sehemu fupi fupi, na akiruhusiwa kujibu kwa mdomo kabla ya kuandika. Fasihi simulizi ina nafasi ya pekee hapa. Mtoto anayekwama kwenye ukurasa huenda akatamba ngano au akategua vitendawili kuwashinda wenzake wote. Akipata heshima hapo, anakuwa na sababu ya kuurudia ukurasa. Vilevile, nchini Kenya vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalum vilianzishwa 1984, na Taasisi ya Elimu Maalum ikaundwa 1986. Mwalimu anayeshuku tatizo amshauri mzazi ampeleke mtoto akatathminiwe. Kukisia si kazi yetu. Kutambua na kuelekeza ni kazi yetu.

Kwa faida ya mtahiniwa, tutoe swali la mfano: "Jairo ni mhasiriwa, si mkosaji." Jadili kauli hii ukirejelea hadithi ya "Mwalimu Mstaafu". (alama 20)

Jibu zuri litatazama pande zote mbili. Upande wa uhasiriwa, litaonyesha kufeli kwake utotoni, matumaini aliyopewa yasiyotimia, na jinsi alivyosahauliwa katika orodha ya wazungumzaji. Upande wa ukosaji, litataja ulevi wake na jinsi anavyomtoa mkewe kama zawadi, kitendo ambacho hakuna kushindwa masomoni kunakoweza kukihalalisha. Kila hoja iambatane na tukio. Neno "mzembe" lisitumike ila pale ambapo uzembe wenyewe umeonekana.

Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Mwanafunzi anayeandika kwenye mtihani kwamba kila anayefeli ni mzembe huenda ameketi kando ya mwenzake anayesoma kwa shida kila siku na kusikia hukumu hiyo hiyo. Huenda pia ni yeye mwenyewe anayejihukumu. Tukimfunza kudai ushahidi kabla ya kumpa Jairo sifa, tutakuwa tumemfunza kumtendea haki jirani yake wa dawati.