Mkono wa Jirani: Kisasi na Uovu Uliofichika katika Hadithi Fupi za Mitaa ya Eastlands

Utangulizi

Uhakiki wa hadithi fupi ya Kiswahili umezoea kuuliza swali moja kila inapojitokeza kazi yenye damu, usaliti au kisasi: je, mwovu alipatwa na nini? Katika madarasa ya shule za upili, na hata katika semina za vyuo vikuu, jibu la swali hili ndilo linaloitwa "funzo". Swali lenyewe lina mizizi mirefu. Ngano zilimpatiliza fisi kwa ulafi wake, na methali zimeirithi kazi hiyo: siku za mwizi ni arubaini, mchimba kisima huingia mwenyewe, malipo ni hapa hapa duniani. Msomaji aliyelelewa katika mapokeo haya hufika mwisho wa hadithi akitarajia mizani isimame sawa.

Makala haya yanadai kwamba swali hilo halitoshi kwa hadithi zinazoizungumzia mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, wala kwa historia ya mitaa hiyo. Huko, la msingi zaidi ni nani aliyelipiza, kwa niaba ya nani, na alirudi nyumba gani baada ya tendo lake. Hoja itajengwa kwa kutofautisha kwanza malipo na kisasi, kisha kuitazama historia ya mitaa yenyewe, na mwishowe kulinganisha namna mbili za kuisimulia: ile ya hadithi fupi ya Kiswahili na ile ya hadithi za Kiingereza zilizokusanywa katika Nairobi Noir, kitabu kilichohaririwa na Peter Kimani na kuchapishwa mwaka 2020.

Malipo na kisasi

Maneno haya mawili hutumiwa mara nyingi kana kwamba ni kitu kimoja. Kisarufi hayalingani. Malipo hayahitaji mtendaji: mwovu "hulipwa", na kauli ya kutendwa humficha anayelipa, awe Mungu, wakati au bahati mbaya. Lakini "kulipiza" ni kitenzi cha kusababisha. Lazima awepo mtu anayesababisha deni lilipwe. Neno "kisasi" nalo limetoka katika Kiarabu, ambako ni istilahi ya sheria: jeraha kwa jeraha, kwa kipimo, mbele ya hakimu. Katika matumizi ya kila siku ya Kiswahili hakimu ameondoka na kipimo kimeondoka naye. Limebaki jeraha na mwenye jeraha.

Tofauti hii ni muhimu kwa uhakiki kwa sababu hadithi ya malipo humstarehesha msomaji. Mwovu akianguka, hakuna mkono uliochafuka, na msomaji hufunga kitabu akiwa safi. Hadithi ya kisasi haimpi nafasi hiyo. Humlazimisha kuutazama mkono uliotenda, na mara nyingi hugundua kwamba ni wa mtu wa kawaida kabisa: mama muuza mboga, utingo, mwalimu, mpangaji wa chumba cha pili. Methali inayofaa hapa ni kikulacho ki nguoni mwako, yenye onyo kwamba adui hatoki mbali.

Mapokeo ya riwaya ya upelelezi yalijaribu kuutatua ugumu huu kwa kumleta mtu wa tatu. Katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), Muhammed Said Abdulla alimtumia Bwana Msa kuyachambua kwa akili yale ambayo watu waliyasukumia mizimu. Uovu unatoka kwa watu wa kawaida, lakini yupo mtu mtulivu nje yao anayeufichua, na utaratibu hurejea. Katika mitaa ya Eastlands jinsi inavyosawiriwa na waandishi wengi, hakuna mtu wa namna hiyo. Polisi naye ni mmoja wa wanaoogopwa, na jirani anayejua ukweli ana sababu zake za kunyamaza.

Mtaa kama kumbukumbu

Ni rahisi kusahau kwamba kisasi kimeandikwa katika majina ya mitaa yenyewe. Mbotela ni jina la Tom Mbotela, aliyepata kuwa makamu wa rais wa chama cha KAU, mtu wa ukoo wa James Mbotela, mwandishi wa Uhuru wa Watumwa (1934). Aliuawa jijini Nairobi mnamo Novemba 1952, mwezi mmoja tu baada ya kutangazwa kwa hali ya hatari, akihesabiwa na wapiganaji wa Mau Mau kuwa mpinzani wao. Mitaa ya Ofafa, ikiwamo Ofafa Jericho na Ofafa Maringo, inabeba jina la diwani Ambrose Ofafa, kiongozi katika Muungano wa Wajaluo, aliyeuawa mwaka 1953. Serikali ya kikoloni iliwapa majina yao nyumba za Waafrika. Kwa upande wake walikuwa mashahidi. Kwa waliowaua walikuwa wasaliti. Mtoto anayezaliwa huko leo hutaja anwani yake kila siku bila kujua kwamba anataja hukumu ambayo haijawahi kusikilizwa upya.

Kisha ikaja Operesheni Anvil ya tarehe 24 Aprili 1954. Majeshi yaliizingira Nairobi, na wakazi wa mitaa ya Waafrika, hasa Wakikuyu, Waembu na Wameru, wakachujwa kwa maelfu na kupelekwa kizuizini. Chombo cha uchujaji kilikuwa mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Alitikisa kichwa au aliinamisha, na kwa ishara hiyo mtu akarudi kwake au akapelekwa kambini. Aliyekuwa ndani ya gunia hakuwa Mwingereza. Alikuwa mtu aliyewafahamu waliosimama mbele yake: waliofanya kazi naye, waliochota maji naye bomba moja. Gunia lilipovuliwa, naye alirudi mtaani.

Hiki ndicho kisa cha mwanzo cha uovu uliofichika katika fasihi ya Nairobi, na kinaeleza kwa nini hadithi za giza za mitaa hii hazimhitaji shetani. Umbo la makazi nalo limechangia. Kuanzia nyumba za chumba kimoja zilizojengwa na halmashauri ya jiji na shirika la reli, hadi vyumba vya kupanga vya Dandora na Kayole, ukuta umekuwa mwembamba. Watu husikiana wakila, wakigombana na wakilia. Siri ya mtaa wa namna hii haitokani na kutojua. Watu wote wanajua, na wamekubaliana kimyakimya kutosema.

Usaliti bila kisasi

Hadithi fupi za kipindi kilichofuata uhuru ziliigusa donda hili kwa tahadhari. Katika "The Return" ya Ngũgĩ wa Thiong'o, iliyomo katika mkusanyo wa Secret Lives (1975), Kamau anarudi kijijini kutoka kizuizini na kumkuta mkewe ameondoka na Karanja, ambaye alileta habari za uongo kwamba Kamau amekufa. Karanja si mzungu wala mlinzi wa kambi. Ni kijana wa rika moja, mwenye husuda ya siku nyingi. Ingetarajiwa panga. Badala yake, furushi la Kamau linaporomoka na kuchukuliwa na mto, naye anapata nafuu asiyoitegemea. Kisasi kinazama kabla hakijapata mkono wa kukitenda.

Mwisho huu umesifiwa kwa hekima yake, na sifa hizo ni za haki. Hata hivyo, unawezekana kwa sababu upo mto, na Karanja amekwisha kuhama. Mtaa wa Eastlands haumpi mtu masafa hayo. Anayerudi kutoka kizuizini hadi Bahati au Makongeni anaweza kumkuta aliyekuwa ndani ya gunia akichota maji kwenye bomba lile lile, asubuhi hii na kesho yake. Hadithi ya kijijini inaweza kusamehe kwa kuachana. Hadithi ya mtaani italazimika kusamehe, au kutosamehe, kwa kuishi pamoja.

Riwaya ya jiji ilichukua njia nyingine. Katika Kill Me Quick (1973), Meja Mwangi anawafuata vijana wawili waliosoma, Meja na Maina, wakishuka hatua kwa hatua kutoka vichochoroni hadi gerezani, na Maina anaishia kukabiliwa na shtaka la mauaji. Riwaya ina nafasi ya kueleza, na kwa sababu inaeleza, uovu unahama polepole kutoka kwa mtu hadi kwa mfumo uliomtupa. Hadithi fupi haina nafasi hiyo. Humkuta mtu akiwa tayari ameshika kisu, na humwacha kabla sheria haijafika. Ufupi wake hauruhusu sababu kuwa kisingizio. Kwa hiyo uovu unabaki mikononi mwa mtendaji, na msomaji anabaki naye chumbani.

Jitu na jirani

Hadithi fupi ya Kiswahili imefanya nini na urithi huu? Mkusanyo wa Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine (2016), uliosomwa na maelfu ya wanafunzi nchini Kenya kama kitabu teule, unatoa mfano mzuri. Katika hadithi iliyoupa mkusanyo jina, Said Ahmed Mohamed anasimulia mtaa wa Madongoporomoka unaovamiwa na jitu linalokula chakula chote mkahawani, kisha kufuatwa na mabuldoza. Ni kejeli kali dhidi ya unyakuzi wa ardhi. Lakini tazama alipowekwa mwovu: ana mwili usio wa kawaida, anatoka nje, na anaonekana na kila mtu. Wakazi wote ni wema kwa sababu wote ni wahasiriwa. Jina la mtaa nalo ni la kubuni, lenye maana ndani yake, na kwa hiyo ni la kila mahali.

"Shogake Dada ana Ndevu" ya Alifa Chokocho inakaribia zaidi suala letu. Uovu umo ndani ya nyumba, chini ya buibui la "rafiki" wa Safia. Lulua, mdogo wake, anaona, lakini wazazi wanaojivunia malezi yao hawataki kuona. Mpaka hapo hadithi ina giza la kweli: inaonyesha jinsi sifa njema inavyofunika jambo kwa ustadi kuliko nguo. Tatizo liko kwenye malipo. Anayekufa ni Safia, akijaribu kuitoa mimba. Kijana aliyejificha ndani ya buibui hafikiwi na adhabu inayolingana, na wazazi wanabaki na msiba. Mhakiki anayeuliza "mwovu alipatwa na nini?" hujikuta akimhesabu msichana aliyekufa kama mwovu, kwa kuwa ndiye aliyeadhibiwa. Hapo swali la funzo linadhuru: linageuza kifo kuwa ushahidi wa hatia.

Nairobi Noir inatumia mbinu iliyo kinyume. Kila hadithi imepewa mtaa halisi wa jiji, na hadithi zimegawanywa katika mafungu matatu: wawindaji, wawindwa na wachungaji. Kariobangi imo kupitia "Say You Are Not My Son" ya Faith Oneya. Eastleigh imo kupitia "She Dug Two Graves" ya Winfred Kiunga, inayohusu msichana anayetafuta kisasi cha kifo cha nduguye. Kichwa cha hadithi ya Kiunga kinaelekeza kwenye msemo kwamba anayekwenda kulipiza achimbe makaburi mawili, na hivyo kinaweka gharama mbele ya tendo. Msomaji anamhurumia msichana na wakati huo huo anaombwa amwogope. Hali hizo mbili hazipatanishwi, na hapo ndipo penye nguvu ya utanzu huu.

Ramani hiyo ina hasara yake. Uovu ukipewa anwani, msomaji wa mbali anaweza kuuacha hapo hapo, akaamini kwamba Kariobangi ndiko kwenye giza na kwake kuna mwanga. Mtaa wa kubuni wa Said Ahmed Mohamed unamnyima msomaji faraja hiyo. Kwa hiyo hoja si kwamba Kiingereza kimeweza na Kiswahili kimeshindwa. Hoja ni kwamba hadithi ya Kiswahili, yenye lugha ambayo wakazi wa Eastlands huitumia kila siku pamoja na Sheng iliyokulia huko huko, bado haijaingia vya kutosha katika chumba cha jirani.

Umati

Pengo hilo linaonekana wazi katika suala la umati. Sauti ya "mwizi!" ni jambo linalojulikana katika mitaa hii: mtu anakimbizwa, anapigwa, na mara nyingine anateketezwa kwa gurudumu na petroli. Katika hadithi za malipo, tukio hili huwa ni aya ya mwisho. Mwizi kateketea, siku zake arubaini zimetimia. Umati unatajwa kwa nomino moja, kana kwamba ni mvua au moto.

Lakini umati una majina. Yupo aliyepiga kelele ya kwanza, aliyeleta gurudumu, aliyekwenda kununua petroli na kusubiri chenji. Yupo aliyekuwa na deni kwa marehemu. Jioni hiyo wote walirudi makwao, wakala, wakawaambia watoto wafunge mlango. Uovu uliofichika katika tukio hili haumo katika mfuko wa mwizi pekee, na hadithi inayouacha mwisho wake mikononi mwa nomino ya jumla imewafunika watendaji gunia lile lile la mwaka 1954.

Hitimisho

Makala haya hayapendekezi kwamba maadili yaondolewe katika usomaji wa hadithi fupi. Yanapendekeza kwamba yatafutwe mahali pagumu zaidi. Mwalimu wa fasihi akiacha kuuliza tu mwovu alipatwa na nini, akauliza pia nani aliyelipiza na kwa kipimo cha nani, mwanafunzi wa Umoja au Mathare hataisoma hadithi kama mtu aliyesimama nje yake. Huenda amewahi kuisikia kelele hiyo usiku. Huenda anamjua aliyeianzisha. Hadithi fupi ndiyo fani ndogo ya kutosha kuingia katika chumba hicho kimoja, na mwandishi wa Kiswahili anazo lugha na historia za kuiandika.