Bab el-Hadid: Sinema Iliyokataliwa

Msomaji, tangu Studio Misr ilipoanzishwa mwaka 1935, sinema nyingi za Misri zilipendwa kwa nyimbo na visa vya mapenzi. Mwaka 1958 Youssef Chahine alitoa Bab el-Hadid, na mwenyewe akaigiza Qinawi, kijana achechemeaye, auzaye magazeti katika stesheni ya Cairo. Qinawi ampenda Hanuma, muuza vinywaji; akataliwapo, penzi lageuka wazimu wa kuua. Watazamaji wengi waliikataa: walitaka starehe, wakaonyeshwa mnyonge ambaye hupitwa kila siku bila kutazamwa. Hapo ndipo ulipo ubora wake. Haimtetei Qinawi katika uovu wake, lakini yafichua dharau iliyoulea. Basi utazamapo sinema, usiulize tu kama imekufurahisha; uliza pia imekufumbua macho umwone nani.