Super Size Me: na ile miezi 14?

Bandugu, nimeangalia tena filme Super Size Me ya Morgan Spurlock (2004). Siku 30 za kula McDonald's tu, tena akipunguza kutembea: kilo 11 zikaongezeka. Filme inatuonyesha milo mingi, hata kutapika. Lakini kilo zile zilichukua miezi 14 kutoka, na hiyo tunaisoma tu kwenye maandishi ya mwisho. Hapo njo kosa yake kubwa. Kunenepa kunachekesha, kupungua ni kazi ya kila siku: bukari nusu, sombe bila mafuta mingi, kutembea kwa miguu pahali pa taxi. Huku Lubumbashi McDonald's haiko, lakini vitambi viko. Ile miezi 14 njo filme tulikuwa tunahitaji.