Raj Kapoor na Kicheko cha Kuazima

Ni wageni wachache waliopata mapenzi ya watu wa Mombasa kama alivyoyapata Raj Kapoor. Tangu picha zake mbili, Awaara (1951) na Shree 420 (1955), zilipofika pwani ya Afrika ya Mashariki, jina lake lilizoeleka Kibokoni na Kuze kama la jamaa wa mtaani. Na majumba ya sinema ya kisiwani kama vile Regal, Majestic na Naaz, ambayo sasa hayaonyeshi picha tena, yamebaki katika kumbukumbu za wazee pamoja na nyimbo zake. Kwa upande wa Unguja, mwanahistoria Laura Fair ameonyesha jinsi Awaara ilivyozusha mazungumzo marefu juu ya mapenzi na ndoa. Kwamba mtu huyu alipendwa, basi, si jambo la kubishia. Linalobishaniwa ni jingine: je, Raj Kapoor, ambaye husifiwa kuwa bingwa wa ucheshi na kuitwa Chaplin wa Uhindi, anastahili sifa hiyo kwa kazi yake mwenyewe?

Wanaomkatalia wana hoja nzito. Kofia, suruali fupi, viatu vilivyochakaa na mwendo ule wa kuyumba, vyote ni mali ya Charlie Chaplin, aliyemwonyesha mzururaji wake kwa mara ya kwanza mwaka 1914, miaka kumi kabla Raj Kapoor hajazaliwa. Hadithi za Awaara na Shree 420 zilitoka katika kalamu ya K. A. Abbas. Muziki ni wa Shankar na Jaikishan, maneno ya nyimbo ni ya Shailendra na Hasrat Jaipuri, na sauti inayosikika Raj afumbuapo kinywa kuimba mara nyingi ni ya Mukesh. Ukimvua mtu huyu alivyoazima, huuliza wapinzani, atabaki na nini? Nguo ya kuazima haisitiri matako.

Hoja hiyo ingeweza kuachwa barazani iliko, lakini ina mkia mrefu. Mombasa ni mji ambao umewahi kugawanyika kwa sababu ya shutuma iyo hiyo, nayo ilielekezwa kwa msanii wa mjini humo. Mohamed Khamis Juma Bhalo (1942–2014) alijipatia umaarufu kwa kuimba taarab yenye lahani za filamu za Kihindi, na mengi ya maneno aliyoyaimba yalikuwa mashairi ya jamaa yake, Ahmad Nassir, mtungaji wa Malenga wa Mvita (1971). Walikuwako waliompenda Zein l'Abdin na udi wake, ambao waliiona taarab ya Kihindi kuwa ni uigaji usiokuwa na heshima. Ikiwa kuazima ni kosa la kumnyima mtu sifa, hukumu itakayompata Raj Kapoor haitaishia Bombay. Itavuka bahari na kubisha hodi Mji wa Kale. Mhakiki anayemwita Raj mwigaji, na jioni akamsikiliza Bhalo kwa raha, hana budi kueleza tofauti aionayo.

Kuiga, basi, kuchunguzwe kwa makini kabla ya kulaaniwa. Mzururaji wa Chaplin hana jina, hana shule, na kwa miaka mingi hakuwa na lugha. Hata katika Modern Times (1936), sauti yake inaposikika hatimaye, anaimba maneno yasiyo na maana katika lugha yoyote. Raj wa Shree 420 ana shahada ya chuo kikuu, na nishani aliyotunukiwa kwa uaminifu wake. Anaingia Bombay kwa miguu, na mapema sana anaiweka rehani nishani ile ili apate kula. Hapo ndipo penye ucheshi wake halisi, na Chaplin hakuwa nao wala hakuuhitaji: uaminifu una bei yake dukani kama sufuria kuukuu, na msomi ndiye anayeipokea bei hiyo. Vazi ni la Chaplin, lakini mwili uliomo ndani ni wa kijana wa nchi iliyopata uhuru mwaka 1947, akaambiwa asome, akasoma, kisha akakosa kazi. Watazamaji wa Mombasa, ambao nchi yao ilipata uhuru mwaka 1963, hawakuchelewa sana kumtambua kijana huyo.

Lipo pia swali la lugha, ambalo wanaisimu wangepaswa kulishughulikia zaidi kuliko walivyofanya. Hudaiwa kwamba watu wa Mombasa walicheka bila kuelewa, na kwa hiyo kicheko chao si ushahidi wa chochote. Madai haya yana ukweli nusu. Wengi hawakujua Kihindi. Lakini Mji wa Kale ni mtaa wa Waswahili, Waarabu, Mabaluchi na Wahindi wa jamaa mbalimbali, na hapakukosekana mtu wa kufasiri. Isitoshe, sikio la Mswahili lilipokea kutoka pazia lile maneno ambayo halikuyaona mageni: duniya, imaan, kitaab, waqt. Raj anaposimama kwa kichwa, miguu juu, na kumweleza polisi kwamba dunia iliyopinduka haionekani sawasawa ila kwa mtu aliyepinduka nayo, mtazamaji wa Mombasa alihitaji kulisikia neno moja tu, na macho yakamaliza kazi iliyobaki. Hata nambari iliyo katika jina la picha haikuwa ngeni kwa historia ya mji. Kifungu cha 420 cha sheria ya jinai ya Uhindi ya mwaka 1860 kilihusu udanganyifu, na sheria hiyo ndiyo iliyotumika pia katika himaya ya Waingereza ya Afrika ya Mashariki mpaka mwaka 1930. Kwa muda huo wote, ayari wa Mombasa na ayari wa Bombay walihukumiwa kwa kifungu kimoja. "Bwana 420", kwa maana hiyo, ni mtu aliyewahi kufikishwa mbele ya hakimu wa pwani.

Kipimo kizuri zaidi cha ucheshi huu, hata hivyo, si Chaplin bali Abunuwasi. Katika kisa cha sufuria, Abunuwasi anaazima chombo cha jirani, anakirudisha pamoja na kidogo chake na kusema kimezaa; anapoazima mara ya pili, anasema kimekufa. Jirani aliyekubali uzazi hawezi kukataa mauti. Kicheko kinamwangukia mwenye tamaa, nacho kinamwangukia kwa mantiki yake mwenyewe. Katika Shree 420 tajiri Sonachand anatangaza nyumba za rupia mia moja kwa kila maskini, na Raj, akiwa amekwisha kuvaa suti, ndiye mnadi wa hila hiyo. Hapa hila imegeuzwa: ayari anamtumikia tajiri, na wanaodanganywa ni wale waliomlaza na kumlisha alipofika mjini. Mtazamaji aliyekuwa akicheka pamoja na Raj anajikuta, bila kupewa ilani, anacheka dhidi ya makabwela wenzake. Abunuwasi hakupata kumwingiza msikilizaji wake katika aibu ya namna hiyo. Kwa sehemu hii peke yake Raj Kapoor anastahili kuitwa bingwa, na wanaomkatalia watakuwa wamemwonea.

Lakini wanaomsifu nao hunyamaza mahali pasipofaa kunyamaziwa. Awaara ndiyo picha inayosifiwa zaidi kwa dhamira yake. Jaji Raghunath, ambaye aliigizwa na Prithviraj, baba mzazi wa Raj, anaamini kwamba mtoto wa mwizi ni mwizi. Kwa imani hiyo alikwisha kumfunga Jagga bila ya kosa. Jagga anajilipizia kwa kumlea mwana wa jaji katika wizi, ili athibitishe kwamba damu si kitu. Katika Mji wa Kale hoja hii iligusa donda. Huu ni mji wa Miji Tisa na Mitatu, wenye desturi ya kuuliza ukoo wa mposaji kabla ya kuuliza tabia yake, na wenye methali zisemazo alilosema Raghunath kwa ufupi zaidi: mtoto wa nyoka ni nyoka, mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Picha iliyokuja kuzicheka methali hizo mbele ya wazee na vijana waliokaa ukumbi mmoja haikuwa burudani tupu.

Ni kweli kwamba mantiki ya Jagga inashinda, kwa sababu mwana wa jaji kweli anakuwa mwizi. Shida ni upande wa pili wa mizani, ambao picha inaukwepa. Mtu anayetetewa mahakamani, anayependwa na wakili Rita, na ambaye mwishoni baba yake anajuta mbele yake, ni mwana wa jaji. Mwana wa mwizi hasa, yule ambaye methali zinamhusu, hana nafasi katika hadithi hii. Jagga mwenyewe, ambaye ndiye mwana wa mwizi aliyedhulumiwa, anauawa. Raj anaiambia mahakama iwatazame watoto waliobaki katika mitaa michafu, na maneno hayo ni mazuri. Lakini anayeyasema amekwisha kupatiwa baba mwenye jumba. Kijana wa Mombasa aliyenyimwa mke kwa sababu ya nasaba yake, aliyetoka ukumbini akidhani ametetewa, alikuwa ametetewa nusu tu. Chaplin ni mkali zaidi hapa. Tajiri wa City Lights (1931) anamjua mzururaji akiwa amelewa, na akilevuka hamjui. Hakuna siri ya uzazi itakayofichuliwa ili kuwapatanisha. Hilo ndilo deni ambalo Raj Kapoor hakulilipa, na ni zito kuliko la kofia na viatu.

Kuhusu Mera Naam Joker (1970) yatosha kusema machache. Picha hiyo ya takriban saa nne, yenye mapumziko mawili, ilimtia hasara kubwa ilipotoka, na tangu hapo imepata watetezi wengi wanaoiita kazi yake kuu. Kisa cha mama anayefariki katika sarakasi wakati mwanawe hana budi kuendelea kuchekesha ndicho kinachotajwa zaidi. Ni tukio la kutoa machozi, na limetengenezwa kwa kusudi hilo. Mchekeshaji wa Shree 420 aliitazama dunia. Mchekeshaji wa Mera Naam Joker anajitazama mwenyewe, na kuwaomba watazamaji wamhurumie kwa kuwachekesha. Ucheshi ukianza kudai huruma kama ujira, hautofautiani tena na ombaomba anayeonyesha kidonda chake. Wanaoishi kwa kumbukumbu za nyimbo hawataipenda hukumu hii, na huenda nyimbo zenyewe zikawapa haki kidogo.

Turudi kwa Bhalo, kwani kesi yake ilikuwa bado haijaamuliwa. Alipochukua lahani ya Bombay na kuitia Kimvita cha Ahmad Nassir, msikilizaji wa Mombasa hakupewa Uhindi. Alipewa malalamiko yake mwenyewe ya mapenzi na dunia, katika lugha ambayo Bombay isingeielewa. Lahani ilikuwa chombo na shehena ilikuwa ya kwao. Kwa kipimo icho hicho, Raj Kapoor hana kosa katika vazi la Chaplin maadamu aliyelivaa ni msomi mwenye njaa. Anakosea pale anapolivua ghafula na kutuonyesha kwamba chini yake palikuwa na mwana wa jaji. Na la ajabu ni kwamba Awaara yenyewe ina tukio fupi lisilohitaji siri hiyo. Raj yumo gerezani, analetewa mkate wake, anautazama, na kusema kwamba mkate huo ungalimfikia akiwa nje asingalikuwa ndani. Hakuna wimbo, hakuna Chaplin, wala hakuna baba. Ni sentensi moja, na hata aliyefasiriwa kwa kunong'onezwa na jirani wa kiti cha pili aliipata yote.