Ghorofa Zisizo na Uani

Neno "kota" tuliletewa na wakoloni, na maana yake haikuwa nyumba hasa, bali mahali pa kumweka mfanyakazi. Anayewekwa huweza kuondolewa. Kwa hiyo kila nifikiripo habari ya Magomeni Kota, jijini Dar es Salaam, naanzia kwenye jina lenyewe, kwa kuwa ubishi wote uliofuata ulikuwa umekwisha kujificha humo: wakazi walijiona wenyeji, lakini katika makaratasi walikuwa wapangaji.

Waliondolewa, nyumba zikabomolewa ili pajengwe za kisasa, kisha kiwanja kikabaki kitupu kwa miaka. Kaya zilikuwa 644. Mwaka 2016 Rais John Magufuli aliagiza zijengwe ghorofa na wakazi wale wale warudishwe, wakae miaka mitano bila kulipa kodi. Wakala wa Majengo Tanzania ikajenga, na Machi 23, 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akazizindua, mtangulizi wake akiwa amefariki mwaka mmoja nyuma. Ukaja na utaratibu wa mpangaji mnunuzi, na manung'uniko ya bei hayakukawia.

Sifa itolewe panapostahili. Mitaa ya wanyonge inapobomolewa, hapa kwetu na kwingineko, ni nadra mno aliyeondolewa kurudishiwa ufunguo. Kwa kawaida hurudi kama mlinzi wa geti. Magomeni walirudi. Hata hivyo, walirudi kwa huruma ya mkubwa aliyepita akasikia kilio, si kwa nguvu ya maandishi waliyokuwa nayo mkononi. Je, asingepita? Na kaya 644 haziwezi kungoja takriban miaka kumi bila kuzika wazee kadhaa.

Sasa niyatazame majengo yenyewe. Nyumba ya Kiswahili, iliyoijaza Magomeni ya zamani, ina korido katikati, vyumba huku na huku, na nyuma uani. Uani ndiko kwenye jiko, kamba ya nguo, watoto, na maneno ya akina mama ambayo hayafai kusikika barazani. Ukifika msiba, uani na barabara ya mbele huwa kitu kimoja. Mchora ramani wa ghorofa huvihesabu vyumba, choo na jiko, akadhani amehamisha nyumba nzima, kumbe uani ameuacha chini ya kifusi. Hilo ndilo kosa langu kubwa juu ya ghorofa za makazi nchini mwetu, wala si Magomeni peke yake. Urefu wake haunisumbui.

Kisha iko Sheria ya mwaka 2008 inayoruhusu mtu kumiliki sehemu ya jengo. Kwa sheria hiyo mwenye fleti humiliki vyumba vyake, na pamoja na wenzake humiliki ngazi, paa na mabomba, chini ya umoja wa wamiliki. Ni sheria nzuri kwa yule aliyeisoma. Lakini iliandikwa kwa Kiingereza, na Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria mwaka 2021 tu. Mama muuza vitumbua anayenunua fleti atajuaje kwamba amenunua pia deni la kukarabati paa? Isitoshe, ardhi iliyo chini ya jengo ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake. Jirani yetu wa Butiama, Mwalimu Nyerere, ambaye nyumba yake ya Magomeni sasa ni makumbusho, alionya tangu mwaka 1958 katika "Mali ya Taifa" juu ya kuifanya ardhi bidhaa. Ghorofa huirudisha hoja ile kwa mlango wa juu.

Nayasema haya nikiwa Nyasura, ambako nyumba nyingi bado zinakaa chini. Akija mjenzi wa fleti hapa, watu watanung'unika, na baadhi ya manung'uniko hayatakuwa na uzito. "Watatuchungulia uani" si hoja ya kupeleka halmashauri. Hupandwa michongoma, basi. "Watakuja watu tusiowajua" ni aibu kusemwa na mji uliokuzwa na wageni wa barabara ya Mwanza na Musoma. Bali karo la kaya arobaini litatapikia wapi? Nani amepima udongo, na nani atasimama pale nondo zinapofungwa? Mwaka 2013 jengo la ghorofa 16 liliporomoka katikati ya Dar es Salaam, na Novemba 2024 jingine likaanguka Kariakoo. Kote wakafa watu. Maswali hayo yaulizwe msingi haujachimbwa, na majibu yawekwe kwenye maandishi, kwa Kiswahili.

Nami nitauliza upana wa ngazi. Jeneza hubebwa na watu sita, nao wanahitaji nafasi ya kugeukia kila kona.